Kila Zama na Wimbo Wake

Wimbo ni mali ya ajabu. Mali nyingine hupungua inapogawanywa, bali wimbo huongezeka. Mtu akimpa ndugu yake sehemu ya shamba hubaki na pungufu. Akimpa wimbo, hubaki nao mzima na ndugu yake anao mzima vile vile. Kwa sababu hiyo urithi wa nyimbo hauna kesi za mipaka kama urithi wa ardhi. Walakini una ugomvi wake, nao ni huu: aliyerithi wimbo ana haki gani ya kuubadili? Je, mtoto aliyepewa wimbo na wazazi wake aweza kuuvika nguo mpya, au ni wajibu wake kuutunza kama alivyoupokea? Swali hili linaulizwa leo katika makanisa mengi ya Embu na Meru. Nimelisikia kwa miaka mingi, tena nimelisikia likiulizwa kwa hasira. Nami nataka kulipima hapa kwa utulivu, maana hasira ni mizani mbovu.

Apitaye Jumapili asubuhi katika barabara itokayo mji wa Embu, ikaenda Runyenjes na Chuka, ikapita karibu na Chogoria na Nkubu mpaka Meru, hawezi kukosa kusikia jambo ninalolisema. Barabara hiyo huzunguka mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, ambao Waembu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimaara. Hushuka katika mabonde ya mito kama Thuci na Nithi, ikapanda tena katikati ya migomba, kahawa na majani ya chai. Karibu kila kilima kina kanisa, na kila kanisa lina sauti. Zamani sauti hiyo ilikuwa ya kengele na ya watu waimbao kwa koo tupu, au kwaya iliyoongozwa na mwalimu mwenye kijiti mkononi. Siku hizi, katika makanisa mengi, ni sauti ya gita la umeme, gita la besi, kinanda cha umeme na seti ya ngoma za kigeni, zote zikipitishwa katika vipaza sauti vinavyosikika ng'ambo ya bonde.

Muziki huo umetokana na mtindo wa roki na wa nyimbo pendwa za Marekani na Uingereza, lakini maneno yake ni ya dini, au ni mawaidha ya kumtia moyo mtu aliyechoka. Huimbwa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kimeru na kwa Kiembu. Pengine lugha zote hukutana katika wimbo mmoja kama wasafiri katika gari. Vijana huupenda muziki huu kama wapendavyo mchezo wa mpira. Wazee wengi hukunja uso wausikiapo, na baadhi yao hutoka nje wakangoja mahubiri yaanze.

Haki ni kuanza na mashtaka ya wazee, kwa kuwa mtu asiyeweza kueleza hoja ya mpinzani wake hajaielewa hata hoja yake mwenyewe. Wazee wana mashtaka manne. Shtaka la kwanza ni kwamba muziki huu ni mgeni, haukutoka kwa mababu wala kwa wale walioleta Injili. La pili ni kwamba unafanana na muziki wa baa na madisko, na kwa hiyo unaingiza dunia katika nyumba ya ibada. La tatu ni kwamba una kelele. La nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba maneno yake ni haba: neno moja hurudiwa mara ishirini, na mwimbaji huondoka akiwa amechangamka mwili, lakini hakujifunza kitu. Haya si maneno ya ujinga. Hebu tuyachunguze moja moja.

Ugeni wa muziki ni jambo la kweli, lakini hebu tuulize ni muziki gani wa kanisa katika nchi yetu usiokuwa mgeni. Misheni ya Kianglikana ilifunguliwa Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walianza kazi yao Kaaga, Meru, mwaka 1912. Daktari Irvine wa Misheni ya Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka 1922, akajenga kituo cha dawa, shule na sala. Wamisionari hawa walikuja na nyimbo za kwao. Sauti zilikuwa za Uingereza na Scotland, na maneno yalitafsiriwa kwa shida, hata pengine sauti ilipanda mahali ambapo neno lilitaka kushuka. Katika Embu, kwa muda mrefu, watu wengi waliimba na kusoma Biblia kwa Kigikuyu, lugha ya jirani, kabla ya kumwimbia Mungu kwa lugha ya mama zao.

Zaidi ya hayo, nchi hii haikuwa bubu kabla ya wageni kufika. Wachuka walikuwa, na hata leo wako, mabingwa wa ngoma ndefu ambazo mpigaji huzibana katikati ya mapaja, akacheza nazo huku akizipiga. Waembu walisifika kwa wachezaji wao waliotembea juu ya miti mirefu, hata mtazamaji akashikwa na kizunguzungu kwa niaba yao. Zilikuwapo nyimbo za kulima, za kuvuna, za kubembeleza mtoto, za jando na za arusi. Wamisionari wengi hawakutaka ngoma hizo zikaribie kanisa. Walizihesabu kuwa ni mali ya giza, na mwongofu alitakiwa aziache mlangoni pamoja na mengine mengi. Basi zile nyimbo za vitabuni ambazo mzee wa leo anazililia kuwa ni za asili, babu yake aliziona kuwa ni ugeni mtupu. Muda umezifanya zetu, kwa sababu vizazi vitatu vimezilia katika mazishi na kuzishangilia katika arusi.

Katika jambo hili mfano wa kahawa wanifaa. Mbuni haukuwa mmea wa mashamba yetu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, ambayo hapo kwanza iliwazuia Waafrika kulima kahawa, iliwaruhusu wachache wa Embu, Meru na Kisii kuijaribu. Leo ni nani wa Embu atakayesema kwamba kahawa si yetu? Imesomesha watoto, imejenga nyumba, imelipa mahari. Mbegu ilitoka mbali, lakini udongo mwekundu, mvua ya mlima na jasho la mkulima vimeipa ladha ambayo mnunuzi wa ng'ambo huitambua. Wimbo nao ni vivyo hivyo. Swali si mbegu imetoka wapi tu. Swali ni kama imetiwa katika udongo wetu ikaota, au imewekwa mezani kama ua la karatasi.

Shtaka la pili, la kufanana na muziki wa dunia, lina umri mkubwa kuliko watu wote wanaolitoa leo. Charles Wesley, mmoja wa waanzilishi wa mwendo wa Kimethodisti, aliyefariki mwaka 1788, alitunga nyimbo zaidi ya 6,000. Na katika zama zake makanisa mengi ya Uingereza yaliona kwamba inafaa kuimba zaburi tu. Katika Marekani Thomas Dorsey alikuwa mpigaji kinanda wa nyimbo za bluzi, nyimbo za huzuni na mapenzi za watu weusi. Mwaka 1932 mkewe alifariki katika uzazi, na mtoto akafariki pia. Katika msiba huo Dorsey alitunga wimbo wa kumwomba Mungu amshike mkono, nao ukaenea dunia nzima. Walakini makanisa mengi ya Chicago hapo mwanzo yaliukataa muziki wake, ati unanuka kilabu. Leo Dorsey huitwa baba wa muziki wa injili.

Kwa upande wa roki yenyewe, yafaa kijana ajue kwamba habari yake haianzi kama wengi wanavyodhani. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, alikua kanisani akiimba na kupiga gita. Alipolipata gita la umeme alilipiga kwa namna ambayo vijana waliokuja kuitwa wafalme wa roki waliisikiliza na kuifuata. Mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufa kwake, jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki. Basi yule asemaye kwamba kanisa limeazima roki kutoka kwa dunia amesema nusu ya habari. Dunia nayo iliazima kanisani. Baadaye, mwaka 1969, Larry Norman wa Marekani alitoa sahani yake iitwayo Upon This Rock, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya roki ya Kikristo. Na makanisa mengi ya nchi yake yaliipokea kwa jicho la mashaka. Kile kinachotokea katika mabonde yetu kimekwisha tokea penginepo, tena si mara moja.

Hata hapa Afrika tuna ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 1958, huko Kamina katika Kongo, padre Guido Haazen na vijana wake waliiimba misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Kikongo, ikajulikana kwa jina la Missa Luba. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iliyofungua mlango kwa lugha na muziki wa kila taifa katika ibada. Tangu hapo ngoma na kayamba vikaingia katika makanisa ya Kikatoliki ya nchi yetu, na hivi leo hakuna anayeshangaa kuviona mbele ya madhabahu. Jambo lililokuwa mwiko kwa baba limekuwa desturi kwa mwana.

Nakuja sasa kwenye shtaka la kelele. Hapa siwatetei vijana. Methali zetu zimekwisha toa hukumu: debe tupu haliachi kuvuma, na ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Umeme ni neema kubwa. Unatoka, kwa sehemu, katika mabwawa ya mto Tana yaliyo jirani nasi: Kindaruma lililoanza kazi mwaka 1968, Gitaru mwaka 1978 na Kiambere mwaka 1988. Kwa miaka mingi watu wengi wa Mbeere waliziona nyaya nene zikipita juu ya vichwa vyao kwenda miji ya mbali, na huku wao wenyewe wakiwasha vibatari. Neema iliyongojewa namna hiyo si ya kutumiwa kwa kumnyima jirani usingizi. Mgonjwa alalaye karibu na kanisa, mama aliyejifungua juzi, mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani, wote wana haki. Sheria ya nchi imelitaja jambo hili katika kanuni za mwaka 2009 za kuzuia makelele, nazo hazikuwaacha nje watu wa dini. Mpenzi wa Mungu amwudhiye jirani yake usiku kucha kwa jina la kesha amebomoa kwa mkono wa kushoto kile alichojenga kwa mkono wa kulia.

Limebaki shtaka la nne, la uhaba wa maneno. Hili ndilo lililogusa nyumba yangu, na sharti nilieleze kwa kisa.

Mimi ni mwalimu, na katika kanisa letu, lililo upande wa chini wa Runyenjes, nimekuwa mwandishi wa kamati kwa muda mrefu. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye baada ya kumaliza kidato cha nne alikosa karo ya kuendelea na masomo. Alikaa kijijini. Asubuhi aliwasaidia watu kuchuma kahawa, na alasiri alikwenda kukaa sokoni pamoja na vijana wenzake, mashavu yamejaa mugukaa. Simlaumu mkulima wa Mbeere apataye riziki kwa mmea huo katika nchi kavu isiyokubali kahawa wala chai. Lakini kijana akaaye akitafuna tangu saa nane mchana hata usiku wa manane, siku baada ya siku, hupotewa na usingizi, kisha hamu ya kula, kisha hamu ya kazi. Dada yangu alikuwa akinipigia simu na kunyamaza. Nilijua maana ya kunyamaza kwake.

Siku moja mpwa wangu na wenzake sita walileta ombi mbele ya kamati. Walitaka kanisa linunue gita mbili, kinanda na vipaza sauti, bei yake yote shilingi 180,000. Walisema kwamba vijana wanalikimbia kanisa kwa sababu ya uchovu wa nyimbo, na kwamba kanisa la jirani limekwisha nunua vyombo na limejaa. Wakati huo akina mama walikuwa wamechanga fedha kwa muda wa miaka miwili ili kununua tangi la maji na kuweka mabati ya kuyakinga. Fedha zilizokuwako hazikutosha mambo mawili. Wazee walianza kunguruma. Mmoja aliuliza kama Mungu amekuwa kiziwi hata ahitaji vipaza sauti. Kijana mmoja alijibu kwa ukali, na kikao kikawa karibu kuvunjika.

Ndipo aliposimama mama mmoja mzee sana, ambaye sote humwita Nyanya, wakubwa kwa wadogo. Yeye ni katika wale ndugu wa uamsho, mwendo ulioanza Gahini katika Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937 na kuenea mpaka kwetu, na ambao wimbo wao wa Kiganda wa kumsifu Yesu hujulikana na kila mtu katika Afrika ya Mashariki. Alisema polepole, naye kijiti chake kikigonga sakafu.

"Wanangu," alisema, "mimi nilipookoka nilikuwa msichana. Tulipiga makofi, tukaruka, tukalia. Wakubwa wa kanisa walisema tumeingiwa na wazimu. Kwa hiyo siwezi kuwaambia vijana hawa kwamba wao ni wazimu. Lakini nataka jambo moja. Wewe," akamwonyesha mpwa wangu kidole, "nisomee wimbo wenu mmoja. Usiimbe. Nisomee tu, kama usomavyo barua."

Mpwa wangu alitoa simu yake mfukoni akasoma. Wimbo ulikuwa na sentensi mbili. Alipozimaliza alizisoma tena, kwa kuwa ndivyo ulivyoimbwa. Na aliposoma mara ya tatu sauti yake ilififia yenyewe. Hakuna aliyecheka. Nyanya alingoja, kisha akasema, "Barua hii ni fupi mno kwa mtu uliyesema unampenda. Enda ukaandike nyingine. Na vyombo hivyo, sisi tutanunua tangi kwanza, maana hata mpiga gita hunywa maji. Ninyi mtachuma kahawa, mtalipwa kwa debe kama watu wote, mkipata nusu ya fedha kanisa litatafuta nusu iliyobaki."

Wengine walidhani vijana wangesusa. Wawili walisusa kweli, wakaenda kwa jirani. Watano walibaki. Msimu ule wa Oktoba mpaka Desemba walichuma kahawa katika mashamba ya watu, wakaweka akiba kwa mtunza hazina. Mpwa wangu alianza kwenda kwa Nyanya jioni, mwanzoni kwa haya, baadaye kwa mazoea. Alikuwa akitafuta maneno. Kizazi chake kinajua Kiembu cha kununulia sukari na cha kufanyia mzaha, lakini hakijui Kiembu cha kuomba mvua, cha kumshukuru mgeni, wala cha kumwambia mfiwa neno la kumshikilia. Nyanya alikuwa nacho. Alimpa maneno kama mtu atoaye mbegu ghalani, kidogo kidogo, akimweleza kila neno hupandwa wakati gani. Wimbo waliouandika ulikuwa na beti nne, ukisimulia mtu aliyekawia njiani na kukuta taa bado inawaka nyumbani kwake. Uliposomwa mbele ya kamati bila ala yoyote, yule mzee aliyeuliza habari za uziwi wa Mungu aliomba usomwe tena.

Vyombo vilinunuliwa mwaka uliofuata. Sitadai kwamba mambo yote yakawa mema. Mpwa wangu hakugeuka malaika. Bado yuko sokoni siku nyingine, na dada yangu bado hunipigia simu. Lakini siku za Jumatano na Jumamosi alasiri anafanya mazoezi, na mwenye kuimba hawezi kutafuna wakati uo huo. Hiyo ni saa chache katika juma. Mtu asiyekuwa na kijana wa namna hiyo nyumbani aweza kuzidharau saa hizo. Mwenye naye hazidharau.

Kisa hiki kimenionyesha kwamba shtaka la nne haliushtaki muziki mpya peke yake. Nyimbo za kale nazo zilizokuwa tupu zilikuwapo, ila zimesahauliwa, nasi tunazikumbuka zile njema tu zilizopenya katika chekeche cha wakati. Nyimbo za leo bado hazijachekechwa. Kazi ya kuzichekecha ni ya kizazi hiki, nayo ni kazi ya wote wawili, kijana na mzee. Kijana ana mapigo na nguvu. Mzee ana maneno na kumbukumbu. Wakitengana, mmoja atabaki na chungu kisicho na chakula, na mwingine chakula kisicho na chungu.

Hali ya sasa inawapa vijana nafasi ambayo baba zao hawakuwa nayo. Zamani redio ya serikali, Sauti ya Kenya, ndiyo iliyokuwa mlango wa pekee, na saa za kila lugha zilipimwa. Baada ya mlango wa utangazaji kufunguliwa katika miaka ya 1990, vikazaliwa vituo vya lugha za nyumbani: Wameru leo wana Muuga FM na Waembu wana Wimwaro FM. Kijana wa Igembe au wa Manyatta aweza kusikika asubuhi katika jiko la mama yake. Katika Kenya tumewaona waimbaji kama Reuben Kigame, ambaye upofu haukumzuia kuwa mwalimu wa wengi kwa kinanda na kwa sauti, na Emmy Kosgei, aliyeimba kwa Kikalenjin nyimbo zikapendwa hata na wasioijua lugha hiyo. Kutoka Tanzania, nyimbo za Rose Muhando zimepigwa katika magari na arusi za kwetu kana kwamba alizaliwa hapa. Hawa wote wametufundisha kwamba lugha ya nyumbani si kizuizi cha kusikiwa mbali.

Lakini nafasi ina mitego. Sifa hulevya, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwimbaji wa dini aliyezoea kupigiwa makofi aweza kuanza kuimba kwa ajili ya makofi. Pia fedha zina mahali pake: mtunzi anastahili ujira wa kazi yake, na sheria ya haki za watunzi ya mwaka 2001 imeweka msingi wa kumlinda, lakini wimbo uliotungwa kwa kuutazama mfuko wa msikilizaji tu hujulikana upesi, kama chai iliyorudiwa majani.

Fauka ya hayo, wimbo una nguvu ya kuchukua jambo lolote, jema au baya. Nchi yetu inalijua hilo. Mwaka 1929, katika ule mvutano mkali baina ya misheni na wenyeji juu ya tohara ya wasichana, wimbo na ngoma ya Muthirigu ilienea katika nchi za kuuzunguka mlima, ikiwatukana wamisionari na wafuasi wao, hata serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1930. Tohara yenyewe leo imekatazwa na sheria ya mwaka 2011, lakini somo la Muthirigu limebaki: watawala wenye bunduki waliuogopa wimbo. Chombo chenye nguvu kiasi hicho hakiwezi kuachwa mikononi mwa asiyefikiri.

Basi, msomaji kijana, ukitaka kuupima wimbo mpya, usiulize kwanza kama una gita au hauna. Zaburi zenyewe zinataja ala za nyuzi, za kupuliza na za kugonga. Uliza maswali matatu. Je, ukisomwa bila ala, unasema neno? Je, unaweza kuimbwa katika siku ya msiba, au unafaa siku ya raha tu? Je, jirani asiyekuwa wa dini yako akiusikia, atakuwa amepata neno jema au amepoteza usingizi? Wimbo upitao katika milango hii mitatu ni wimbo, uwe wa mwaka 1788 au wa juma lililopita. Usiopita ni mlio, na milio tunayo ya kutosha.

Wahenga walisema kila zama na kitabu chake. Nami naona kila zama na wimbo wake pia. Ila kitabu kipya huandikwa kwa herufi za zamani, na ajifunzaye herufi hizo kwa wakubwa wake ndiye atakayeandika jambo litakalosomwa na wajukuu.